Shajara ya Mshika Reki

Jumatatu

Tumepewa uenyeji. Timu nne za softiboli, sisi tukiwa mojawapo, zitachuana kwenye uwanja wetu kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, na moja itasonga mbele. Wachezaji walikusanyika bwaloni kutazama matangazo, projekta ikazima kabla jina letu halijatajwa. Habari tumezipata kwa mzazi mmoja aliyepiga simu kutoka Pennsylvania kutoa pongezi. Wasichana wakarukaruka, wakakumbatiana, mmoja akaimwagia projekta soda, kwa hiyo kilichoizima mwanzo hakitajulikana tena.

Bosi wangu wa viwanja hakuruka. Alitoa daftari mfukoni akaandika neno moja: vyoo.

Chuo chetu ni kidogo, kipo Ohio, kimezungukwa na mashamba ya mahindi na soya. Kinacheza Divisheni ya Tatu ya NCAA, ambako hakuna anayelipiwa ada kwa sababu ya mchezo. Mrushaji wetu tegemeo anasomea uuguzi; asubuhi anashika sindano, jioni anashika mpira, na wagonjwa wanasema hawajawahi kuona mkono usiotetemeka kama ule. Mimi nasomea uhasibu na nashika reki. Viza ya mwanafunzi inaniruhusu kufanya kazi chuoni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Bosi amenihakikishia kwamba wiki hii hatutazifikia.

Jioni nimetazama kalenda ya chuo. Mahafali ni Jumamosi. Nimemwonyesha Bosi. Ameandika neno la pili: viti.

Jumanne

Mwakilishi wa mashindano amefika na kabrasha nene. Ni mama mpole, na kila katazo lake hutanguliwa na "tafadhali". Tafadhali, mabango yote ya biashara yafunikwe, kwa kuwa mashindano yana wadhamini wake. Tafadhali, wachezaji wasionekane wakinywea vikombe vyetu. Vikombe rasmi vitaletwa. Tafadhali, wasiwepo watu wenye ngoma, tarumbeta wala kengele za ng'ombe. Mashabiki wetu wanajulikana kwa kengele za ng'ombe. Wengine huja nazo moja kwa moja kutoka kwa ng'ombe.

Mchana kutwa tumefunika mabango kwa kitambaa cheusi: la fundi bomba, la duka la mbegu, la daktari wa meno. Kitambaa kimeishia kwenye bango la kampuni ya mazishi, ambalo limefunikwa nusu. Neno pekee linaloonekana sasa ni "Tunakusubiri". Liko nyuma ya benchi la wageni.

Saa kumi limefika bango jingine, la historia ya mchezo, lililoagizwa na ofisi ya wahitimu. Linaeleza vizuri: Chicago, siku ya Sikukuu ya Shukrani, vijana wamekaa ndani ya klabu ya mashua wakisubiri matokeo ya futiboli kati ya Yale na Harvard. Mmoja akarusha glovu ya ndondi, mwingine akaipiga kwa fimbo, na George Hancock akaikaza glovu kwa kamba zake ikawa mpira. Ni 1887. Bango linasema 1987. Kocha wetu, aliyezaliwa kabla ya hapo, hakufurahi kuambiwa kwamba ameuzidi umri mchezo anaoufundisha.

Tulikuwa tunajadili jinsi ya kugeuza 9 kuwa 8 kwa kalamu nene, Mwakilishi akapita na kueleza kwamba bango lenyewe halimo kwenye orodha ya yanayoruhusiwa. Tafadhali. Kitambaa kilikuwa kimekwisha, kwa hiyo tumeligeuza, limeutazama ukuta.

Jumatano

Vyoo vya kukodi vimeletwa. Dereva amevishusha kwenye uwanja wa besiboli wa wavulana, ambao una vyoo vya kudumu, una taa, na jukwaa lake lina paa. Uwanja wetu hauna taa, na jukwaa letu ni ngazi za alumini zinazoungua kwa jua na kuganda kwa baridi, wakati mwingine siku hiyo hiyo. Sheria ya mwaka 1972 iitwayo Title IX inakataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali kuu, na ni kwa nguvu yake vyuo vingi vya Marekani viliunda timu za wanawake. Haisemi lolote kuhusu dereva mwenye haraka ya kupata saini.

Tumevihamisha kwa trekta kimoja kimoja. Kimoja kilikuwa na mtu ndani, fundi wa taa za besiboli. Aliingia kwenye mchezo mmoja akatokea kwenye mwingine. Bosi amemwomba, kwa kuwa ameshafika, atutazamie swichi ya ubao wa matokeo.

Baadaye tumepima uwanja. Bamba la mrushaji linatakiwa kuwa futi 43 kutoka bamba la nyumbani, yaani mita 13.1; besi na besi ni futi 60, mita 18.3. Sehemu yote ya ndani ni udongo mtupu, haina jani, tofauti na besiboli. Udongo huo ukikauka unaingia machoni, ukilowa unavua viatu, na kati ya hali hizo mbili kuna muda mfupi ambao ndio tunaolipwa kuulinda. Utepe wetu wa kupimia ulikatwa zamani na mashine ya nyasi, unaanzia futi ya tatu. Hilo kila mtu analijua. Ubishi ni kama unajumlisha au unatoa. Nilisema tutafute alama ya 46. Nikaulizwa kama kwetu tunatumia futi. Mwishowe Mwakilishi akatoa utepe wake mkobani. Bamba lipo mahali pake, kama lilivyokuwa tangu lilipozikwa.

Saa saba mchana, Tanga ikiwa saa mbili usiku, mama amepiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula? Huo mchezo wenyewe ukoje?"

Nimemweleza kwamba mmoja anarusha mpira kwa mkono wa chini, mwenzake anausubiri na kigongo.

"Kumbe rede."

Nimesema siyo rede, mama. Kwenye rede mpira ukikugonga umetoka. Huku mpira wa mrushaji ukimgonga mpigaji, anapewa besi ya kwanza bure.

Mama akafikiri. "Sasa anakwepa nini?"

Nimewafikishia wachezaji swali hilo. Mazoezi yamesimama kwa muda.

Kisha akauliza tunawapikia nini wageni. Nimemwambia kila timu inajinunulia chakula chake, na sisi tutawauzia soseji. Mama amenisihi nisimwambie shangazi. Amesema pia kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini kwa wageni msiowapikia hana hakika mnaanzaje.

Alhamisi

Ofisi ya mishahara imenijulisha kwamba nimemaliza saa zangu 20. Muhula utafungwa rasmi kesho saa sita mchana, na baada ya hapo naruhusiwa kufanya kazi muda wote. Kabla ya hapo nisiguse kitu. Bosi amezipokea habari hizo bila neno, akaitwaa reki mikononi mwangu, na kuniomba nikae jukwaani kama raia.

Nimekaa. Kutoka jukwaani uwanja unaonekana vizuri zaidi, na ndiyo shida yenyewe. Wachezaji, ambao katika divisheni hii wamezoea kutengeneza uwanja wao wenyewe, wameshika reki zangu na wanavuta udongo kuelekea kwao badala ya kuusambaza. Nimenyamaza. Sina hakika kama kutoa maelekezo kunahesabiwa ni kazi.

Saa nne limeletwa gari la chokaa. Ilikuwa chokaa ya ujenzi, ambayo huunguza ngozi na macho. Ya uwanjani ni unga wa mawe ya chokaa usiowasha, kwa sababu watu huserereka juu yake kwa tumbo. Imerudishwa. Dukani wamesema ya uwanjani imekwisha. Mteja wa mwisho ni kamati ya mahafali, iliyonunua magunia yote kuchora njia watakayopita maprofesa, ili mwaka huu wasipotee. Bosi amekwenda kujadiliana nao. Amerudi na magunia machache, na sisi tumepoteza viti hamsini.

Ratiba ya mazoezi imebandikwa. Kila timu ina muda wake, sawasawa na wenzake. Wa kwetu ni saa moja na nusu asubuhi. Kocha amekumbusha kwamba huu ni uwanja wake. Mwakilishi amekubali kabisa, na kuongeza kwamba kuanzia sasa hadi Jumapili siyo wake. Tafadhali.

Timu moja ya wageni imechelewa. Hoteli zote za mjini zimejaa wazazi wa wahitimu, kwa hiyo wamelala mwendo wa saa nzima kutoka hapa, na basi lao lilipofika lilielekea uwanja wa besiboli, kwenye taa na paa. Wamepasha mwili huko hadi walipoanza kushangaa ukubwa wa uwanja.

Jioni Bosi alikuwa akisoma gazeti. Amenionyesha kwamba Olimpiki ya 2028 itafanyika Los Angeles, lakini softiboli itachezewa Oklahoma City, karibu kilomita 2,000 kutoka kwa mwenyeji. Ameisoma habari hiyo mara mbili. "Wale," akasema, "wanajua kupokea wageni."

Ijumaa

Asubuhi vigongo vyote vimepimwa. Kuna mashine inayokibana kigongo ili kuona kama kimelainika kupita kiasi, kwa sababu kigongo kilicholainika hurusha mpira mbali kuliko inavyoruhusiwa. Kinachofaulu hubandikwa stika. Cha nahodha wetu kimefeli. Ni hicho hicho alichokisifu gazetini juzi. Wapimaji walikuwa wamelisoma gazeti.

Saa sita kamili muhula umefungwa, nimeshuka jukwaani nikashika reki. Bosi alikuwa ametazama saa ya mkononi kuanzia saa sita kasoro robo.

Mechi yetu ya kwanza ilianza vizuri kwa muda. Kisha ikabainika kwamba kipaza sauti chetu kisicho na waya kiko kwenye masafa yale yale na cha ukumbi wa jirani, ambako msajili alikuwa anafanya mazoezi ya kusoma majina ya wahitimu. Mpigaji wetu wa kwanza alisogea kwenye bamba, akatulia, na uwanja mzima ukatangaziwa kwamba anatunukiwa Shahada ya Uzamivu ya Heshima. Akaupiga mpira ukavuka uzio. Wa pili akapewa Stashahada. Akatolewa kwa mipira mitatu. Wa tatu hakutangaziwa kitu, akamgeukia mtangazaji kumsubiri, na mpira ukampita.

Kocha wa wageni amelalamika kwa mwamuzi. Mwamuzi ameagiza kipaza sauti kizimwe. Tulikizima, na sauti ikaendelea, kwa kuwa haikuwa yetu. Mtu akatumwa mbio ukumbini. Huko nako walikuwa wanashangaa kwa nini kila jina la mhitimu linafuatiwa na hesabu ya mipira iliyokosa.

Tumeshinda 4–1. Mechi ya pili ilimalizika jua likielekea kuzama, jambo ambalo hapa mwezi Mei hutokea inapokaribia saa tatu usiku. Mama haamini. Nimempigia picha ya jua.

Jumamosi

Mahafali. Vigari vyote vya umeme vya chuo vimechukuliwa kubeba mababu na mabibi, kwa hiyo udongo wa akiba nimeubeba kwa toroli, nikipita katikati ya maandamano ya maprofesa. Mmoja alinipongeza. Njia yao ilikuwa haionekani vizuri. Walikuwa na upungufu wa chokaa.

Kwa mechi ya mchana sarafu ilirushwa kuamua nani awe timu ya nyumbani, yaani nani apige wa pili. Imeangukia upande wa wenzetu. Sisi, kwenye uwanja wetu, ni wageni. Kocha ameyapokea hayo kama mtu aliyeanza kuzoea. Tatizo ni ubao wa matokeo: mstari wa timu ya nyumbani umepakwa jina la chuo chetu kwa rangi ya kudumu. Bosi aliomba kitambaa cheusi. Kilikuwa kimekwisha Jumanne.

Mechi ilichezwa raundi zote saba. Mwishoni ubao ulionyesha chuo chetu 5, Wageni 2. Mashabiki wakasimama, wakakumbatiana, meneja mmoja wa benki akarusha kofia juu. Tulikuwa tumefungwa. Wazazi walipowaona wachezaji wakilia walidhani ni furaha, na baadhi walishuka kupiga nao picha.

Kwa utaratibu huu timu haifungi virago hadi ipoteze mara mbili, kwa hiyo tukabaki na roho moja. Kati ya mechi hiyo na ya jioni, rais wa chuo alikuja uwanjani na majoho, kwa sababu wachezaji wetu wanaohitimu walikuwa wanacheza wakati majina yao yanasomwa. Walipanga foleni kati ya besi ya pili na ya tatu. Majoho yalivaliwa juu ya jezi. La mdakaji wetu liligoma kufunga, kwa sababu hakuwa ametoa kinga ya kifua. Mrushaji alipokea shahada ya uuguzi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa kwenye barafu. Rais alitoa hotuba fupi kuhusu safari ndefu, akaomba maji, na akayanywea kikombe kisicho rasmi. Mwakilishi alitazama pembeni. Naandika hili kwa heshima yake.

Jioni tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Mdakaji, bado ana vumbi la joho kwenye nywele, akapiga mpira hadi kwenye uzio, wakaingia wawili, na muda huo huo kengele ya kanisa la chuo ikaanza kulia kwa ajili ya wahitimu. Ililia hadi mpigaji aliyefuata alipotolewa. Kocha wa wapinzani alitaka hatua zichukuliwe. Mwakilishi alipekua kabrasha ukurasa kwa ukurasa. Kengele za makanisa hazimo.

Tumebaki.

Jumapili

Wamebaki wawili: sisi na wale waliotufunga. Wao hawajafungwa, kwa hiyo ili tuwatoe lazima tuwashinde mara mbili leo. Mhusika wa kibanda cha vyakula aliagiza soseji za mechi sita, kwa maana ya saba huchezwa ikilazimu. Asubuhi alimwendea Kocha kumuuliza kama kuna uwezekano wa kujua mapema. Kocha alimjibu kwamba angependa naye kujua.

Tulikuwa raundi ya tatu, ngurumo ikasikika upande wa magharibi. Sheria ni kwamba ukiona radi au kusikia ngurumo mchezo unasimama, na hauanzi tena hadi zipite dakika 30 tangu ya mwisho. Ikipiga nyingine, unaanza kuhesabu upya. Watazamaji walipelekwa kwenye magari. Mimi nilipewa saa ya kuhesabia. Ilikuwa ikifika dakika ya ishirini na kitu, radi inapiga. Kuna mtoto alikuwa ananiambia "bado kidogo" kila mara, hadi nikamwomba arudi kwenye gari lao.

Kabla ya hapo kulikuwa na suala la turubai. Turubai la kufunika udongo wote ni zito, linaviringishwa kwenye bomba refu, na kulivuta dhidi ya upepo kunahitaji watu wengi. Wafanyakazi wa chuo walikuwa wanakusanya viti vya mahafali. Tulikuwa Bosi, mimi, Kocha na meneja wa benki. Upepo uliingia chini ya turubai ukamwinua meneja wa benki kimo ambacho mwenyewe baadaye alikipunguza.

Ndipo wapinzani wetu wakatoka kwenye benchi lao, chini ya neno "Tunakusubiri", wote, na nahodha wao akiwa mbele, wakashika ukingo wa upande wa pili. Wakafuata wasichana wa timu iliyotolewa jana, waliokuja kutazama wakisubiri basi. Kocha wao alishika kona. Mwakilishi alifungua kabrasha, akaliweka chini ya kwapa, akaja kushika kona iliyobaki. Mvua ilipokatika waligawana reki na ndoo za udongo wa kuchoma unaonyonya maji, na wakaanza kukausha eneo la besi ya kwanza, ambako ndiko walikokuwa wanahitaji kutufunga.

Nimempigia mama kumweleza. Ameuliza ni siku yao ya ngapi. Nikamwambia ya tatu. Akasema basi hao wana malezi mazuri, na kwamba sasa ni lazima wale kitu.

Tumeshinda ya kwanza 3–2. Soseji zikaisha. Ya saba ikawa lazima. Bosi alikwenda kwenye ukumbi wa mahafali, akarudi na masinia ya keki iliyobaki, kila kipande kimeandikwa "Hongera". Walipewa kwanza wageni. Mwakilishi alisema kwamba vyakula visivyo vya wadhamini, tafadhali, visionekane, kisha akaomba kipande cha pembeni, chenye krimu nyingi.

Mrushaji wetu alirusha mechi zote mbili. Tumeshinda 1–0, pointi ikiletwa na mpigaji aliyegongwa na mpira begani, akapewa besi ya kwanza, akasukumwa hadi nyumbani na wenzake. Alikuwa amekwepa, lakini siyo sana. Nafikiri lile swali la mama lilimfikia.

Wachezaji walimwagia Kocha ndoo nzima ya maji na barafu. Walimmwagia akiwa amesimama kwenye duara la mrushaji, sehemu niliyoikausha kwa mkono. Hatua inayofuata ni ya timu mbili, mshindi ni wa mechi mbili kati ya tatu, na wenyeji watatangazwa usiku huu. Mwakilishi alitushukuru mmoja mmoja. Akasema kwamba uwanja wetu umempendeza sana na kwamba ameandika hivyo kwenye ripoti yake, kwa mwandiko unaosomeka. Kisha akamwachia Bosi kabrasha, asije akalihitaji kabla ya Ijumaa.

Bosi alilishika kwa muda, akapima uzito wake. Akaniagiza nilifunike.